Simu ya Usiku Ziwani na Dhamiri ya Mwanasheria wa Serikali



Likizo iliyopita tulikaa siku chache Musoma, nyumbani kwa mama mmoja ambaye mwanawe tulisoma naye seminari ndogo. Sisi tuliendelea na malezi ya upadre na sasa tuko kwenye falsafa. Yeye aliona wito wake uko kwingine. Akasoma sheria chuo kikuu, akapita kwenye mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, na sasa, akiwa na miaka 25 kama sisi, ameitwa kazini serikalini. Hakuitwa kuendesha mashtaka wala kusimamia kesi za ardhi. Ameitwa kwenye kitengo cha sheria kinachoshughulikia mawasiliano: leseni, masafa ya redio, namba za dharura, na wajibu wa makampuni ya simu pale watu wanapokuwa hatarini.

Mama yake hakufurahi. "Frateri," alituambia huku akituongezea chai, "mimi nilimsomesha huyu mtoto avae joho asimame mbele ya jaji. Sasa huyu ni wakili gani wa kukaa ofisini anaandika habari za minara?" Jirani yake, mzee mmoja mstaafu, akaongeza lake: "Mama, shukuru Mungu ana kazi. Ila wanangu, si ndio hao hao wanaotuzimia mtandao?"

Tulicheka wote. Lakini maneno ya wazee wale tuliondoka nayo, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili ambayo kijana Mkristo hawezi kuyapita. La kwanza: hii kazi ina uzito gani mbele ya Mungu na mbele ya watu? La pili: je, inaweza kufanywa kwa dhamiri safi? Mwenzetu mwenyewe alituuliza hayo hayo usiku, tukiwa wawili watatu nje. Tulimjibu nusu nusu. Makala haya ni jibu letu kamili zaidi, na tunaliandika hadharani kwa sababu wapo vijana wengi parokiani wanaosoma sheria na hawajawahi kusikia padre au frateri akizungumzia kazi ya namna hii.

Kilichotokea Bunda

Kutoka Musoma tulikwenda Bunda, kwenye kigango kimoja cha kando ya ziwa, kusaidia mafundisho ya watoto. Wanaume wengi wa pale ni wavuvi wa dagaa. Jua likizama wanaingia ziwani na taa zao, na ukisimama ufukweni usiku wa giza unaona mwanga juu ya maji kama mji mwingine. Mtandao wa simu pale kijijini ni wa kubahatisha. Kuna mwamba mmoja nyuma ya kigango, na mwenye shida ya kupiga simu anaupanda.

Usiku mmoja upepo ulibadilika ghafla. Mitumbwi ikarudi mmoja mmoja, isipokuwa mmoja uliokuwa na vijana wawili. Ilipofika saa nane usiku, mama wa mmoja wao, katekista, na sisi tulikuwa juu ya mwamba na simu tatu. Namba ya kwanza haikuita kabisa. Ya pili iliita, ikapokelewa, na sauti ya mtu mwenye heshima ikauliza: "Mko wilaya gani? Mko karibu na nini?" Katekista akataja kijiji. Upande wa pili hawakukijua. Akataja mwalo. Hawakuujua pia. Akaambiwa apige namba nyingine, na alipoipiga salio lilikuwa limekwisha, kwa sababu namba hiyo ilikuwa ya kawaida, si ya bure.

Vijana walirudi wenyewe alfajiri, wamelowa na wanatetemeka. Walikuwa wamejikinga nyuma ya kisiwa kidogo. Tulisali rozari ya shukrani na watu wakaenda kulala. Lakini sisi hatukulala, tulikuwa tukijiuliza: ni nani aliyekosea usiku ule? Yule aliyepokea simu hakukosea, alifanya alichoweza. Katekista hakukosea. Kilichokosekana ni utaratibu: nani apokee simu ya mtu aliye ziwani, aelekezwe wapi bila kukata simu, atajuaje mpigaji yuko wapi, na nani alipie gharama. Haya yote, ndugu msomaji, ni mambo ya sheria kabla hayajawa mambo ya mitambo.

Kazi yenyewe ni ipi

Wengi tunadhani mawasiliano ni suala la mafundi. Fundi anapandisha mnara, simu inashika, basi. Lakini nyuma ya kila mnara kuna karatasi. Nchi yetu iliunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Chini ya sheria hizo, kampuni haiwezi kutoa huduma bila leseni, na leseni ina masharti. Masafa ya redio ni mali ya umma kama ardhi na maji. Yakigawanywa ovyo, redio ya polisi itaingiliana na ya teksi, na wito wa meli inayozama utafunikwa na muziki. Namba nazo hupangwa. Kwamba 112 ni ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga katika mpango wa m-mama, na 116 ya watoto wanaoteswa, si jambo lililojipanga lenyewe. Mtu alikaa akaandika, akapingwa, akaandika tena.

Tena kuna maeneo ambayo kampuni haioni faida ya kuweka mnara. Ndiyo sababu kukaundwa kwa sheria ya mwaka 2006 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili vijiji visivyo na faida ya kibiashara navyo visikike. Sheria hiyo inasema jambo ambalo Kanisa limelisema siku zote: maskini wa kando ya ziwa ni raia sawasawa na tajiri wa mjini, na thamani ya maisha yake haipimwi kwa vocha anazonunua.

Mwanasheria wa Serikali yuko katikati ya mambo haya yote. Ndiye anayeandika kanuni, anayesoma mkataba kabla haujasainiwa, anayemwambia mkurugenzi kwamba sharti fulani halina nguvu mahakamani, na anayeitetea taasisi pale kampuni inapokata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Asipofanya kazi yake vizuri, hakuna anayejua mchana. Hujulikana usiku, juu ya mwamba.

Mitambo bila sheria

Kuna kisa cha kale kinachotusaidia hapa. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli Titanic iligonga siwa barafu, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Meli nyingine, Californian, ilikuwa jirani kiasi, nayo ilikuwa na redio. Lakini ilikuwa na mhudumu mmoja tu wa redio, naye alikuwa amezima mtambo na kwenda kulala muda mfupi kabla ya ajali. Hakuvunja sheria yoyote. Hapakuwa na sheria iliyomtaka mtu akeshe. Mitambo ilikuwepo, sheria ndiyo haikuwepo. Mwaka 1914 mataifa yalikutana London, na mkataba wa usalama wa maisha baharini ukaandikwa, pamoja na wajibu wa kukesha redioni. Wanasheria walikaa mezani, na tangu hapo mabaharia wengi ambao majina yao hatutayajua wamerudi nyumbani.

Sisi wa Mara tunayo sababu ya kulichukulia jambo hili kama letu. Mzee Joseph Sinde Warioba, mtoto wa Bunda, alianza maisha yake ya kazi akiwa mwanasheria wa Serikali, akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 1976 na Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg. Mkataba wa bahari wa mwaka 1982 ambao mahakama ile inausimamia una ibara ya 98, inayoyataka mataifa yahakikishe kwamba nahodha anamsaidia aliye hatarini, na kwamba nchi za pwani zinaweka huduma ya kutafuta na kuokoa. Mtu aliyezaliwa katika wilaya ile ile tuliyokesha juu ya mwamba alikaa katika kiti cha kuitafsiri sheria ya namna hiyo kwa dunia nzima. Basi isisemwe kwamba kazi ya makaratasi ya Serikali haiwafai watoto wetu.

Na ziwa letu linadai sheria hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 tulipoteza mamia ya ndugu zetu katika MV Bukoba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, ng'ambo tu ya maji kutoka Kisorya yetu ya Bunda. Walikufa watu 228 na wakaokolewa 41. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani Bukoba, wakafa 19 kati ya watu 43 waliokuwemo, na waliofika wa kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Baada ya misiba ya namna hii Tanzania na Uganda zimekuwa na mradi wa pamoja wa mawasiliano na usafiri wa majini katika Ziwa Victoria, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ndani yake kimo kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji Mwanza. Tunaushukuru. Lakini kituo ni nyumba na mitambo. Swali la mwanasheria ni lile lile: simu ya katekista wa Bunda inafikaje pale? Kwa kanuni gani? Mtumbwi ukivuka mpaka usiokuwa na alama majini, nani mwenye wajibu?

Mlinzi na baragumu

Maandiko yanatupa picha inayofaa. Katika sura ya 33 ya kitabu cha Ezekieli, watu wanamweka mlinzi juu ya ukuta. Akiona hatari inakuja na akapiga baragumu, asiyejali atabeba damu yake mwenyewe. Asipopiga, damu ya watu itadaiwa kwake. Tumezoea kuyasoma maneno haya tukimfikiria mhubiri. Tunapendekeza yasomwe pia na kila anayefanya kazi ya kupanga mawasiliano ya dharura, kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha kwamba baragumu lipo, lina pumzi, na mlinzi hajalala.

Darasani tunafundishwa na Mtakatifu Thomasi wa Akwino kwamba sheria ni agizo la akili, kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya, na kutangazwa. Tulipokariri maana hiyo kwa ajili ya mtihani, lile neno la mwisho tulilichukulia kama nyongeza. Sivyo. Thomasi anasema sheria isiyotangazwa haina nguvu ya kumfunga mtu, kwa sababu mtu hawezi kufuata kwa akili kile ambacho hakikumfikia. Tunadhani onyo la hatari liko hivyo hivyo. Onyo lililotolewa ofisini Dodoma au Dar es Salaam, na halikumfikia mvuvi kwa lugha na kwa wakati unaomfaa, bado halijatolewa.

Tazama mfano mmoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Ni taarifa nzuri ya kisayansi. Lakini mzee mmoja wa mwaloni alituuliza: "Frateri, kilomita arobaini ndio upepo gani? Ni ule wa kuzima taa au ule wa kupindua mtumbwi?" Na taarifa ikisema "Kanda ya Ziwa", anayevua upande wa Majita na anayevua upande wa Kisorya wote wanadhani anaambiwa mwingine. Mtakatifu Paulo alishawaambia Wakorintho kwamba baragumu likitoa sauti isiyoeleweka, hakuna atakayejiandaa kwa vita. Mwanasheria anayeandika kanuni za utoaji wa tahadhari ana uwezo wa kuandika sharti dogo: kwamba tahadhari itaje mahali, itaje saa, na iseme mtu afanye nini. Sharti la mistari mitatu tu.

Tulipofika Butiama kusali kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo, tulikumbuka kwamba nchi hii ilishawahi kufanya hivyo kwa vifaa duni kuliko vya leo. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini kusikiliza redio, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Redio ilikuwa moja kwa kikundi kizima, na hapakuwa na simu. Ila palikuwa na nia ya kuhakikisha neno linafika na linaeleweka. Leo karibu kila nyumba ina simu, hata iwe kitochi, na bado mama anapanda mwamba.

Swali la mzee mstaafu

Sasa tulijibu lile swali gumu. Mzee alisema: si ndio hao wanaotuzimia mtandao?

Tusijifanye hatukusikia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Kila aliyekuwa hai siku zile anakumbuka alivyokaa bila kujua ndugu yake yuko salama au la. Hatuandiki haya kumhukumu mtu mmoja mmoja; hatumo mioyoni mwa watu. Tunaandika kwa sababu maneno "usalama wa umma" yana pande mbili. Kwa maneno hayo hayo unaweza kuilazimisha kampuni ifungue njia ya simu ya dharura, na kwa maneno hayo hayo unaweza kuiagiza ifunge njia zote. Kalamu ni moja. Mwenzetu ataishika kalamu hiyo.

Katiba yetu inatambua katika ibara ya 14 haki ya kuishi, na katika ibara ya 18 haki ya kuwasiliana na ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya ulinzi, usalama na amani ya jamii. Mwanasheria wa Serikali atapelekewa ibara ya 30 mara nyingi, na ni kweli ipo. Kanisa nalo halifundishi kwamba uhuru hauna mpaka. Uongo unaochochea watu kuuana ni dhambi, na dola ina wajibu wa kuuzuia. Lakini mpaka si ruhusa ya kufanya lolote. Anayezuia taarifa kwa jina la usalama anapaswa kuweza kueleza, kwa maandishi na mbele ya jaji, ni hatari ipi hasa, kwa nini njia ndogo zaidi haikutosha, kizuizi kitakwisha lini, na wasio na hatia wakiwa hatarini watapiga wapi. Asipoweza kueleza hayo manne, basi hajamlinda mtu. Amemnyang'anya mlinzi baragumu na kumwacha ukutani mikono mitupu.

Wapo wenzetu seminarini wanaosema: kwa kuwa kalamu hiyo inaweza kutumika vibaya, Mkristo asiishike. Abaki wakili binafsi, atetee wanyonge, mikono yake iwe safi. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtakatifu Thomas More alikuwa mwanasheria wa Serikali, akapanda mpaka kuwa Kansela wa Uingereza mwaka 1529. Hakuikimbia ofisi kwa kuwa ina hatari. Aliitumikia kwa uaminifu mpaka siku alipoona kwamba kuendelea ni kuikana dhamiri, ndipo akajiuzulu mwaka 1532, na mwaka 1535 akalipa kwa kichwa chake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 2000 kuwa msimamizi wa viongozi wa Serikali na wanasiasa. Somo lake lina sehemu mbili, na ni lazima zote mbili zishikwe: ingia, na ujue mapema mahali ambapo hutapita.

Watu wenye dhamiri wakijitoa wote, kanuni hazitaacha kuandikwa. Zitaandikwa na waliobaki. Na siku mtu atakapoleta rasimu ya agizo mezani, hakutakuwa na yeyote chumbani wa kusema, "Mkuu, naomba tuongeze kifungu kinachoacha wazi namba za dharura," au "Mkuu, hili sioni msingi wake kisheria, naomba maoni yangu yaandikwe." Sentensi kama hizo hazipigiwi makofi. Pengine humfanya mtu asipandishwe cheo miaka mitano. Lakini ndizo zinazotenganisha mtumishi wa umma na mtumwa wa ofisi.

Tunajua pia jaribu la pili, ambalo halina kishindo: uvivu. Huyu wa kwanza ataogopa kuamuru mabaya. Wa pili atashindwa kutenda mema kwa sababu faili limekaa. Sharti la simu ya bure kutoka mwaloni linaweza kukaa kwenye droo miaka mitatu bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Katika maungamo tunasema tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, na kwa kutotimiza wajibu. Mwanasheria wa Serikali asiisahau ile ya nne.

Na sisi parokiani?

Si haki kumwachia mwenzetu mzigo wote. Kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu Musoma, Bunda na Butiama.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ijue namba za dharura, na zibandikwe kwenye mlango wa kanisa na wa kigango pamoja na namba za zahanati, mtendaji wa kijiji, na askari wa wanyamapori kwa wale wa upande wa Serengeti ambao tembo huwaingilia mashambani usiku. Jumapili moja baada ya Misa inatosha kuzifundisha.

Pili, tuwafundishe watoto wetu kwamba kupiga 112 kwa mchezo ni kumziba mdomo mtu anayekufa. Ni suala la amri ya tano, si utundu tu.

Tatu, tahadhari ya hali ya hewa isomwe kwenye matangazo ya kanisa, na katekista aitafsiri kwa maneno ya watu wa pale. Yeye anajua upepo wa kuzima taa na upepo wa kupindua mtumbwi. Waliokesha ndani ya Kanisa wanajua pia kwamba kengele ya kigango inasikika ziwani kuliko simu isiyo na mtandao.

Nne, mahali pasipo na mtandao, tuandike barua. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, wapo madiwani na wabunge, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Barua yenye mhuri wa parokia, yenye majina ya vijiji na idadi ya mitumbwi, ni ushahidi. Mwanasheria ofisini hawezi kutetea kijiji ambacho hakimo kwenye faili lolote.

Tano, tuwasindikize vijana wetu walio kwenye kazi hizi. Tunawaombea mapadre na masista kila siku, na ni sawa. Lini tuliwahi kuweka nia ya Misa kwa ajili ya wanasheria wa Serikali? Papa Pius XII aliwapa watu wa mawasiliano Malaika Mkuu Gabrieli kuwa msimamizi mwaka 1951, malaika ambaye kazi yake yote ni kufikisha neno kwa aliyekusudiwa na kungoja jibu.

Siku ya kuondoka Musoma, mama yule alitufungia samaki wa kukaanga wa safari. Mwenzetu alikuwa anapiga pasi shati lake la kwanza la kazi. Tulimsimulia mama habari za mwamba wa Bunda, za salio lililokwisha, na za sauti iliyouliza "mko wilaya gani". Alinyamaza kidogo. Kisha akamgeukia mwanawe, si sisi, akamwambia: "Basi ukifika huko, anza na hiyo ya salio."

Sisi hatuna la kuongeza kwenye maagizo hayo. Anaanza kazi Jumatatu. Tumwombee.